Bomba la Mhina, Bomba la Hoza

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, ya spana na grisi, palikuwa na fundi wa magari aliyeitwa Kaoneka. Sogeeni. Mimi nitasimama, maana hadithi hii hainiachi nikae.

Gereji ya Kaoneka ilikuwa chini ya milima. Juu ya milima, kule Kwembago, aliishi dada yake, Bi Mwantumu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Barabara ya Kwembago imesimama kama ngazi. Kaoneka alikuwa akijiundia gari, kipande cha gari hili, kipande cha gari lile, na alimwapia dada yake: "Sitapanda tena kuja kwako kwa gari la mtu. Nitakuja kwa langu, nikupakie, tuzunguke milima yote."

Miguu ikamwishia nguvu kabla gari halijaisha. Likabaki jambo moja, tabo. Tabo ni kile kikonokono cha chuma kinachozungushwa na moshi wa injini, nacho kikaishindilia injini hewa ipate nguvu ya kupanda. Ubavuni mwa injini palibana, joto likachemsha hadi mafuta ya breki. Ikaamuliwa kihamishwe nyuma kabisa, chini ya buti. Haya, moshi sasa usafiri kutoka mbele hadi nyuma. Kwa bomba la upana gani?

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti.

Kaoneka akawaita wanawe watatu, mafundi wote, akainua ufunguo wa gereji. "Huu ni wa atakayelitia gari langu pumzi."

Mhina, kifungua mimba, aliyeanzia kazi ya mabomba ya maji, akasema, "Inchi mbili! Likizidi hapo moshi utapoa njiani, utafika nyuma umechoka, na tabo italala."

Hoza, wa pili, fundi wa ekzosi, yaani mabomba ya moshi, akasema, "Inchi mbili na robo! Likipungua hapo injini itakabwa koo mlimani."

"Mbili!"

"Na robo!"

Mhina akanunua bomba lake, akalificha kwake. Hoza akanunua lake, akalificha kwake. Kila asubuhi mzee akauliza kutoka kitandani, "Limepumua?"

"Bado, Baba."

Kitinda mimba, binti aliyeitwa Sikudhani, alikuwa ndiye mchomeleaji wao. Siku moja alikwenda kwa Mhina akakuta bomba limezibwa kwa gunzi lililozungushiwa kitambaa, panya wasiingie. Akalichomoa gunzi, akaondoka nalo. Akapita kwa Hoza, akalitia kwenye bomba la Hoza. Gunzi likaingia, likakaa, likabana vilevile.

Mmeelewa? Fundi wa maji hupima tundu. Fundi wa ekzosi hupima ngozi ya nje. Mmoja akisema mbili, mwenzake mbili na robo, na upana wa njia ni ule ule!

Sikudhani akakimbilia gereji. "Kaka zangu, hebu nisikilizeni..."

"Wewe kazi yako kuchoma," akasema Mhina.

"Kupima tuachie sisi," akasema Hoza.

Huo ndio wakati pekee walipokubaliana. Naye Sikudhani akanyamaza. Mdogo hakatizi wakubwa, ndivyo alivyofunzwa. Akanyamaza siku ile, akanyamaza na ya pili yake, na mimi nikifika hapa natamani niingie ndani ya hadithi nimtikise mabega.

Habari zikashuka kutoka Kwembago kwamba Bi Mwantumu anaumwa. Jirani akaja na gari lake, "Mzee, panda, twende sasa hivi." Kaoneka akatikisa kichwa. "Niliapa." Akageukia mlangoni. "Limepumua?"

"Bado, Baba."

Mzee hakulala tena vizuri. Aliketi, akajilaza, akaketi. Kila gari likipita barabarani alinyanyua shingo. Habari zikashuka tena, kwamba Bi Mwantumu hali chakula. "Limepumua?" Bado, Baba. Mbili! Na robo! Bado, Baba.

Mwishowe ndugu wale wakaondoka pamoja kwenda mji wa pili kumtafuta mwamuzi. Vumbi lao halijatua, Sikudhani akayabeba mabomba yote mawili. La Mhina akalikata, likatoka kwenye injini hadi katikati ya gari. La Hoza akalikata, likatoka katikati hadi kwenye tabo. Akayaunganisha, akachoma, akalifunika bomba zima kwa kitambaa cha kuzuia joto lisipotee.

Kaka zake waliporudi, injini ilikuwa inanguruma na mzee keshapakiwa kiti cha mbele, Sikudhani kwenye usukani. Wakarukia nyuma.

Gari likakamata mlima. Kona ya kwanza, likakohoa. Kona ya pili, kule nyuma tabo ikaanza kupiga mluzi, mwembamba, halafu mnene, na gari likawasukuma migongo. Moshi ulipita toka bomba la huyu kuingia la yule bila kujikwaa, na Sikudhani akawasimulia habari ya gunzi. Kaoneka akapiga dashibodi kwa kiganja, akacheka na machozi juu. "Limepumua! Dada atausikia mluzi huu kabla hajatuona!"

Walipofika Kwembago, uani kulikuwa na mikeka, na watu wamekaa matanga. Bi Mwantumu alikuwa amezikwa jana yake.

Binti aliyemuuguza akaja dirishani. "Mjomba, kila asubuhi alituuliza, 'Wamefika?' Tukamwambia bado."

Kaoneka hakushuka. Aliuinua ufunguo wa gereji. Kisha akasema, "Niliahidi. Semeni."

Mhina akasema, "Baba, upana nilioutaja ndio uliotupandisha. Moshi ulianza safari katika bomba langu."

Hoza akasema, "Baba, upana nilioutaja mimi ndio huo huo. Na bila bomba langu moshi usingefika kwenye tabo."

Sikudhani akasema, "Baba, wao walitaja, mimi nikaunganisha. Lakini nilijua tangu siku ya gunzi. Walinifukuza mara moja, nami nikanyamaza mara nyingi."

"Ungepiga kelele!" akafoka Mhina.

"Ungetusikia?" akajibu dada yake.

Na mzee? Mzee aliyemkatalia jirani kwa sababu ya kiapo alisikia yote hayo, akaukunja mkono juu ya ufunguo, akaufungua, akaukunja tena.

Sasa semeni. Msiniambie "wote", hilo ni jibu la mtu anayetaka kwenda kulala. Ufunguo ni mmoja, na kaburi lile pale halijakauka udongo, mtu mmoja lazima atangulie kwenda kusimama mbele yake aseme, "Tumefika."

Je, nani alistahili ufunguo? Na je, nani alistahili kutangulia?