Mtani Amelala Ndani ya Ngoma

Hapo zamani za kale, na kale yenyewe ikiwa bado na usingizi machoni, wanyama walikuwa na nyumba, nyua na majirani kama sisi. Na wewe unayegonga hicho kikombe huko nyuma, kiweke chini. Hadithi hii inawahusu watu kama wewe, nami nikiisimulia huwa nakasirika tangu mwanzo.

Kando ya mto aliishi Bi Digidigi, mjane, mwenye mwili mdogo na masikio makubwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Somoe, ambaye alikuwa bado ananyonya. Kila siku, jua likifika utosini, alimlaza Somoe kando ya kichaka, akakaa pembeni yake na kusikiliza. Hakuwa na kazi saa hiyo wala hakuitaka. Alisikia mtama wake ukikauka juani, ta, ta, ta. Alisikia mto ukipita. Alisikia mtoto akipumua, na roho yake ikatulia.

Lakini hakuwa akisikiliza kwa raha tupu. Tai huwinda mchana, na bawa la Tai linaposhuka hutoa mlio mdogo, fyuuu. Ukiusikia, unawahi kumficha mtoto. Usipousikia, huna mtoto.

Jirani yake alikuwa Bwana Kiboko, na Bwana Kiboko alikuwa na ngoma. Ilichongwa kwa gogo la mvule, juu imewambwa ngozi, chini iko wazi, na ndani yake ungeweza kulaza gunia zima. Kila akishiba aliipiga ili kushushia chakula, na alishiba kila mchana. Ndu! Ndu! Ndundundu! Asipopiga ngoma alinguruma, na asiponguruma alicheka mpaka vyungu vya watu vikaanguka. Alikuwa akisema kwamba mkubwa hujulikana kwa sauti.

Bi Digidigi alikwenda kumwomba. Alipiga hodi mara tatu, mara zote tatu hakusikika, akaingia hivyo hivyo. Akamweleza kwa adabu habari ya mtoto na habari ya Tai, akamwomba saa chache tu za mchana.

Kiboko akacheka. "Mtani wangu huyo! Masikio yote hayo halafu hutaki kuyatumia?"

Akaibeba ngoma, akaipeleka hadi kwenye ua wa Bi Digidigi, akaipigia hapo hapo. Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Usikasirike, mtani," akasema. "Utani tu."

Hapo lazima niwaeleze jambo. Ukoo wa Kiboko na ukoo wa Digidigi walikuwa watani. Inasemekana babu zao walipigania bwawa, wakachoka, wakapatana, na tangu siku hiyo wakawa wanataniana. Digidigi kupigana na Kiboko! Mnacheka, lakini ndivyo nilivyoambiwa, na mimi sikuwepo. Mtani anaweza kukutukana, kukumwagia maji, kukuchukulia jembe, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unatozwa faini. Na kukiwa na msiba, mtani ndiye bwana wa shughuli. Akilala mahali hainuliwi kwa mkono, huinuliwa kwa zawadi, mpaka mwenyewe aseme ameridhika. Na zawadi iliyotolewa mbele ya maiti hairudishwi.

Kiboko aliijua sheria hiyo vizuri. Mume wa Bi Digidigi alipofariki, alikuja akalala mlangoni siku tatu, amejaza njia, anapiga sufuria za mfiwa kwa mwiko. Mjane hakupata hata nafasi ya kulia akajisikia. Alimpa pombe yote ya matanga ndipo akanyanyuka. Utani ni kitu kizuri, jamani, wakiwa wanacheka wote wawili.

Basi siku moja ngoma ikalia kama kawaida yake. Ndu! Ndu! Ndundundu! Bi Digidigi alikuwa anageuza mtama, hatua kumi tu kutoka kwa mwanawe. Hakusikia fyuuu. Alichoona ni kivuli, kisha Somoe yuko hewani, kichwa chini.

Alirusha ungo. Ungo ukampata Tai mguuni, naye akamwachia mtoto. Somoe akaangukia kwenye majani. Alikuwa hai, lakini sikio lake la kushoto lilichanika likawa vipande viwili.

Bi Digidigi akambeba mtoto na damu yake mpaka kwa Kiboko. Kiboko akalitazama lile sikio. Mimi ningekuwa yeye ningeikata ile ngoma nikaifanya kuni. Yeye akasema, "Sasa ana masikio matatu. Atasikia vizuri kuliko mama yake. Usikasirike, mtani. Utani tu."

Bi Digidigi alikasirika. Alimwambia maneno ambayo siwezi kuyasema mbele yenu. Wakapelekwa kwa Mzee Nyati, mkuu wa mji. Nyati alimtazama mtoto, akasikitika, akakuna pembe. Kisha akaamua kwamba mila ni mila, na aliyemkasirikia mtani wake ni Bi Digidigi. Akatozwa pishi mbili za mtama, apewe Kiboko.

Ndiyo, mmesikia sawa. Mtoto aliyechanika ni wake, na faini ikawa yake. Nikifika hapa huwa natamani kuingia ndani ya hadithi nikamshike Nyati masikio.

Bi Digidigi akapima mtama wake, akautoa. Alirudi nyumbani, akamfunga Somoe jeraha. Hasira yake hakuimwaga tena njiani. Aliiweka ndani, akaifunika, akaanza kufikiri.

Haukupita mwezi, babu yake Kiboko akafa. Alikuwa mzee kupita kiasi, meno yameisha, hata mwenyewe alikuwa akiuliza kwa nini bado yupo. Mji mzima ukakusanyika msibani. Sasa, kwa viboko, maiti haendi kaburini bila ngoma. Ngoma hutangulia, jeneza hufuata. Ngoma isipolia, marehemu haondoki.

Bi Digidigi alifika mapema, Somoe akiwa mgongoni kwenye mbeleko. Akateka maji, akafagia uwanja, akapika uji wa wafiwa, kama ipasavyo mtani. Ile ngoma ilikuwa imelazwa juani ili ngozi ikaze. Alipoona watu wameinama kumlilia marehemu, akainama naye, akajipenyeza ndani ya ngoma na mtoto wake. Akajikunja.

Wakati wa kwenda kaburini ulipofika, Kiboko akaja kuiinua ngoma. Akahisi uzito umezidi. Akachungulia, akaona macho manne yanamtazama.

"Nani humo?"

"Mtani wako," akasema Bi Digidigi taratibu, na ngoma ikaikuza sauti yake mpaka uwanja mzima ukaisikia. "Mtani amelala."

Waombolezaji wakaguna kwa kuridhika, maana msiba bila utani haujatimia. Kiboko naye akacheka kidogo. Akaahidi kuku. Ndani ya ngoma, kimya. Akaahidi kuku wawili na mtungi wa pombe. Kimya. Akaongeza mkeka mpya, akaongeza jembe, akaongeza zile pishi mbili za mtama. Kimya kile kile, kama vile hakukuwa na mtu.

Jua likapanda. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa kiboko mnene, na siku ilikuwa ya joto. Wazee wakaanza kutazamana. Nzi wakafika. Kiboko, ambaye hakuwahi kukaa kimya muda wa kumeza mate, alikuwa anaongea peke yake na hakuna anayemjibu, na jasho likamtoka.

"Basi sema wewe!" akapiga kelele. "Unataka nini?"

Kisha ngoma ikasema, "Nataka mchana."

"Mchana upi?"

"Wote. Tangu jua linapofika utosini hadi kivuli cha mtu kinapolingana na mwenyewe. Kila siku, maisha yako yote. Uwe wangu."

Kiboko akamgeukia Nyati, akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa amejiandaa kutoa mbuzi, huyu anataka kitu kisicho na miguu! Nyati akamwambia afikiri kwanza. Hakufikiri. Akasimama mbele ya jeneza la babu yake, akatangaza kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto kwamba amempa mtani wake mchana, wote, na hatamdai.

"Mmesikia?" akauliza Bi Digidigi.

Wote wakajibu kwamba wamesikia.

Akatoka, akajipangusa vumbi. "Mchana ni wangu basi. Na mtu hapigi ngoma wala hangurumi ndani ya mali ya mwenzake bila ruhusa. Leo nawaazima, kwa heshima ya marehemu. Kesho msiuguse."

Kiboko akabaki mdomo wazi, na mnajua mdomo wa kiboko ulivyo. Walimzika mzee kwa ngoma nzuri, wakatawanyika.

Kesho yake jua likafika utosini. Hakuna ndu, hakuna ngurumo. Mwanzoni mji uliogopa, watu wakatoka nje kuuliza nani amekufa tena. Kisha Mzee Nyati akasikia mto, ambao alikuwa ameusahau. Akasikia majani. Akalala chini ya ukuta wake, akaamka ana uso wa kijana. Bi Digidigi akasikiliza mtama wake, ta, ta, ta, na Somoe akipumua na sikio lake la vipande viwili.

Siku ya pili yake, katikati ya kimya kile, akasikia fyuuu. Uko mbali, juu kabisa. Akamvuta Somoe chini ya kichaka bila haraka, akamfunika kwa mwili wake. Tai akazunguka mara mbili, akaondoka na njaa yake. Bi Digidigi akalia hapo chini ya kichaka, kilio chake cha kwanza tangu mumewe azikwe, kwa kuwa sasa aliweza kujisikia.

Siku ya tatu Kiboko akashindwa. Akaja mbio na fimbo ya kupigia ngoma mkononi, ananguruma, watu wote nyuma yake. Akasema amedhulumiwa. Akasema yule si mtani, ni mwizi, na leo ataipiga ngoma yake mpaka mto urudi ulikotoka.

Bi Digidigi alikuwa ameketi, mtoto amelala miguuni pake. Hakusimama. Akamwuliza kwa sauti ndogo, "Bwana Kiboko, umekasirika?"

Nyati, aliyekatizwa usingizi wake mtamu, akasogea mbele na pembe zake. "Ndiyo, hebu tuambie. Umemkasirikia mtani wako?"

Kiboko akashusha fimbo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona hata mmoja wa kumcheka Bi Digidigi.

"La," akasema. "Sijakasirika."

"Basi punguza sauti, mtoto amelala," akasema Bi Digidigi, akimtengenezea Somoe lile sikio. "Utani tu."

Kiboko akageuka, akashuka mtoni, akazama kwa aibu mpaka yakabaki macho na pua. Hadi leo mchana utamkuta hapo hapo, majini, amenyamaza.

Nami nakunja hadithi yangu kama mkeka, nikiwaachia hili: kimya cha jirani yako ni mali yake, usiichezee kisha ukaita utani.