Sauti Nyuma ya Pazia

Fungeni Biblia kidogo, wapendwa, mziweke mapajani. Nataka kuwasimulia habari ya mtu mmoja, na mtanisamehe kwamba inaanza na kompyuta. Wazee wangu msiwe na wasiwasi, nitakwenda polepole.

Mtu huyu tumwite Gwakisa. Alikuwa mpimaji wa viwanja, umri wake miaka thelathini na mitano hivi, hajaoa, anaishi na mama yake mzazi katika mji mmoja wa milimani, kule ambako ukungu unaingia mpaka sebuleni na nguo zinakaa kambani siku tatu bila kukauka. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo, muda mwingi yuko kitandani. Chumba chake na sebule vilitenganishwa na pazia tu. Chumba cha mama kilikuwa pia na mlango mdogo wa kutokea uani.

Hapo sebuleni Gwakisa alikuwa na kompyuta ya zamani aliyochorea ramani zake, na ndani yake gemu moja. Si gemu ya kupigana. Ni ile ambayo wewe unakuwa kocha wa timu ya mpira. Unasajili wachezaji, unapanga kikosi, kisha unabonyeza, na kompyuta inapiga hesabu ya mechi zote za wiki hiyo, za kila timu kwenye ligi. Naona vijana wa kwaya mnatazamana. Mnaijua!

Sasa kompyuta ya Gwakisa ilichukua dakika nne, wakati mwingine tano, kumaliza hizo hesabu. Inavuma tu, kioo kimesimama. Na yeye afanye nini? Anainuka, anasogeza pazia, anakaa ukingoni mwa kitanda. Anamkanda mama miguu. Wanaongea habari za jirani, za mvua, za marehemu baba. Hesabu zikiisha anarudi kwenye kiti. Wiki nyingine ya ligi, dakika nne nyingine kwa mama.

Akachoka kusubiri. Akamwita fundi.

Fundi akafungua kompyuta, akapuliza vumbi, akamwambia, "Kaka, hii prosesa ndiyo inayopiga hesabu, na ni ya siku nyingi. Kuna nyingine yenye nguvu zaidi inayoingia palepale. Nikikuwekea hutasubiri tena. Ila kwa ramani zako, hii uliyonayo inatosha. Ni wewe tu."

Ni wewe tu. Gwakisa alilifikiria jambo hilo mwezi mzima. Aliuliza wenzake kazini, akasoma, akabadili mawazo, akarudi palepale. Siku moja akamuuliza mama yake.

"Mama, niibadilishe au niiache?"

"Mimi mambo hayo siyajui, baba. Hii ina kosa gani?"

"Inanisubirisha mno."

Mama akajivutia blanketi. Kisha akasema, "Mimi naipenda hivyo hivyo. Ikikusubirisha ndipo unakuja."

Gwakisa alicheka. Alidhani mama anatania. Juma lile lile prosesa mpya ikawekwa.

Niwaulize, alitenda dhambi? Hapana. Kitu chake, kazi yake, starehe yake ya halali. Tena mwanzoni alikuwa mwangalifu sana. Kwa kuwa sasa ligi ilikuwa inakwenda moja kwa moja, wiki baada ya wiki bila kusimama, alikuwa akimuuliza mama palepale kwenye kiti, macho kwenye kioo.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, baba."

"Unahitaji kitu?"

"Hapana, baba. Wewe endelea."

Siku zikapita hivyo, miezi ikapita. Maswali yale yale, majibu yale yale, na pazia katikati.

Ikafika Jumamosi moja. Ukungu ulikuwa mzito, ng'ambo ya barabara hakuonekani. Gwakisa alikaa kwenye kiti chake tangu asubuhi. Saa nne akauliza, "Mama, umekula?" Akasikia, "Nimekula, baba." Saa sita akauliza kama amekunywa dawa. Amekunywa. Saa nane akauliza, "Husikii baridi?" Sauti ikamjibu kwa upole, kama siku zote, "Hapana, baba. Wewe endelea."

Saa tisa alasiri, mama mmoja wa jirani akaingia bila kubisha hodi, kitenge chake kimelowa, ana haraka. Alipomwona Gwakisa akasimama ghafla.

"Bado uko hapa?"

"Shikamoo mama. Nipo, kwani vipi?"

Hata hakuitikia. "Nimekuja kuchukua shuka na chupa ya chai. Mama yako yuko wodini tangu saa tatu asubuhi."

Gwakisa akatabasamu. "Mama yangu? Mama yumo chumbani. Nimeongea naye sasa hivi."

"Umeongea na nani?"

"Na mama."

Yule mama akamtazama. "Mwanangu, asubuhi alikuita mara tatu, kifua kimembana. Mara tatu ukamjibu 'sawa mama'. Ile ya tatu nilikuwa nimeshaingia kwa mlango wa uani, nimemshika mkono, nikakusikia kwa masikio yangu. Nikakwambia mimi mwenyewe kwa sauti, tunampeleka hospitali. Ukasema, 'Sawa, nakuja.'"

Gwakisa hakukumbuka hata neno moja. Akageukia pazia, ili kumwonyesha huyu jirani kwamba amechanganyikiwa, akaita, "Mama!"

Akasikia, "Ndiyo, baba."

Aliisikia waziwazi, kama mnavyonisikia mimi sasa. Akamgeukia jirani. "Si umesikia?"

Yule mama alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Akatikisa kichwa taratibu. "Gwakisa, hakuna aliyejibu."

Akasogeza pazia. Kitanda kitupu. Blanketi limeburutwa mpaka sakafuni. Kikombe cha uji cha asubuhi kimejaa, juu umefanya utando. Akaweka mkono kwenye godoro, lilikuwa baridi kama ukuta. Mlango wa uani uko wazi na ukungu unaingia ndani kimyakimya. Akasimama pale, na nawaambieni, alitamani kuita tena lakini hakuthubutu. Hakuogopa kwamba hatajibiwa. Aliogopa kwamba atajibiwa.

Alikimbia mpaka hospitali na kandambili miguuni.

Alimkuta mama amelala macho ameyafumba, anapumua kwa shida, lakini yu hai. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono.

"Mama, unaumwa wapi?"

Mama hakufumbua macho. Akasema kwa upole, "Nimekula, baba."

"Mama, ni mimi. Niko hapa, nimekushika mkono. Niambie unaumwa wapi."

"Hapana, baba. Wewe endelea."

Sauti ile ile, wapendwa. Maneno yale yale, upole ule ule aliokuwa akiusikia kutwa nzima katika chumba kisichokuwa na mtu. Nesi alimwambia ni dawa, ni uchovu, asitishike. Lakini Gwakisa alielewa kilichotokea. Kwa miezi mingi sikio lake lilikuwa limezoea jibu hata likaacha kuhitaji mtu wa kulitoa. Na mama naye alikuwa amezoea swali ambalo halimsubiri, hata akaacha kulisikiliza. Walikuwa wanaongea kila siku, na hapakuwa na mtu upande wowote.

Alikaa pale siku saba. Kila alichouliza alijibiwa hivyo. Siku ya nane hakuuliza kitu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akawa anamkanda miguu, saa nzima, kimya. Mama akafumbua macho, akamtazama sana, kama mtu anayetafuta jina.

"Gwakisa?" akasema. "Umefika lini?"

Mama huyo aliishi miaka miwili zaidi, na miaka hiyo walikaa pamoja kwelikweli. Mungu alimrehemu mwana yule. Si wote wanaopata siku ya nane.

Sasa najua mnachongoja. Mnadhani nitasema tuwapende wazazi wetu. Tuwapende, ndiyo, na mwenye mzazi mgonjwa aende leo. Lakini sikusimama hapa kwa ajili ya hilo.

Nimesimama kwa sababu ya namna tunavyosali sisi.

Sisi tunaharakisha kila kitu, na kila tunapopunguza kusubiri tunasema tumepata nafuu. Tumepunguza na kwa Mungu pia. Tunamuuliza tukiwa njiani, tukifunga viatu, macho kwenye simu. Bwana, uko radhi nami? Na tunajibiwa! Papo hapo tunasikia ndani yetu, "Niko radhi, mwanangu." Bwana, nimwombe radhi yule ndugu niliyemdhulumu? "Hapana, mwanangu, si lazima." Tunaondoka na amani tele.

Ndugu yangu, una uhakika ni nani aliyekujibu? Mara ya mwisho kupata jibu usilolipenda ilikuwa lini? Kama miaka yote sauti unayoisikia inakubaliana nawe katika kila jambo, haikukemei, haikushangazi, haikuamshi kitini, basi mimi mchungaji wako ninaogopa kwa ajili yako. Ninaogopa pia kwa ajili yangu. Nimewahi kuhubiri nikiwa na hakika Mungu amesema, na baadaye nikagundua nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe.

Tutainamisha vichwa. Kila mmoja amuulize Mungu jambo moja tu, lile analoliogopa, kisha anyamaze. Msijijibu. Hata dakika zikipita na watoto wakianza kulia, msijijibu, na mimi sitasema Amina mpaka nione imetosha.

Mpiga kinanda, tafadhali, ondoa mikono kinandani.