Kamba Iliyopandisha Sururu

Mtu mmoja alikuwa na sururu. Aliirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu, na kwa chuma hicho kimoja ukoo wao ulichimba visima katika nchi kavu yote ile. Mtu huyo aliitwa Mhogolo. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, na Jumapili hakukosa ibada. Nawaambia haya mapema kwa sababu nawajua: mfano ukianza tu, kila mmoja wenu anatafuta mwenye dhambi wa kumcheka. Humu hayumo.

Lakini sururu ile aliipenda. Kila jioni aliifuta kwa mafuta ya alizeti, kisha akailaza mvunguni mwa kitanda. Mkewe, Yudita, aliwaambia majirani, "Mimi nina mke mwenza wa chuma, na mafuta hupewa yeye kwanza." Watu walicheka, na Mhogolo naye akacheka. Hakuna aliyeona ubaya.

Wachimba visima wa huko wana desturi yao: chuma kwanza, mtu baadaye. Kazi ikiisha, aliye chini hufunga sururu kwenye kamba, nayo huvutwa juu. Kisha kamba hushushwa tena, naye huingiza mguu kwenye kitanzi na kupandishwa. Ni desturi nzuri, maana chuma kikiachwa chini na maji yakaja, hukioni tena. Juu husimama mtu wa kuaminika. Kwa Mhogolo, mtu huyo alikuwa mdogo wake, Ndahani, na kwa miaka ishirini kamba ya Ndahani haikukosa kurudi hata siku moja.

Mwaka wa ukame wakaitwa kwenye kijiji ambacho akina mama walikwenda mwendo wa saa tatu kufuata maji. Wakachimba futi hamsini. Asubuhi moja sururu ikatoboa mwamba na maji yakabubujika. Waliokuwa wakingoja na ndoo wakapiga vigelegele. Jamani, walipiga vigelegele! Ndahani peke yake hakushangilia. Alikuwa ameona mchanga ukidondoka ukutani, kisha bonge la udongo, kisha bonge jingine. Ukuta ulikuwa unalegea. Akaishusha kamba upesi, akalala kifudifudi ukingoni, akaita hata mishipa ya shingo ikamsimama:

"Kaka, ukuta unakuja! Jifunge wewe! Iache hiyo sururu!"

Mhogolo alisikia. Asije mtu akamtetea kwamba hakusikia. Aliinua uso, akamwona mdogo wake, akaiona kamba imemfikia kifuani. Maji yalikuwa magotini. Ilibaki kuingiza mguu kwenye kitanzi, basi. Lakini sururu ilikuwa imenasa kwenye ufa wa mwamba, chini ya maji. Akainama. Akaitikisa mara moja, haikutoka. Akaitikisa tena. Juu Ndahani alikuwa akiita jina lake, na udongo ulikuwa ukimwangukia mabegani. Maji yakafika kiunoni, na sururu ikatoka. Nadhani moyoni alisema, ni kitambo kidogo tu, kamba itarudi. Imerudi miaka yote hii, kwa nini leo isirudi? Akaifunga sururu kwa mafundo mawili, kama baba yake alivyomfundisha. Akatikisa kamba mara tatu, ishara ya kuvuta.

Ndahani akavuta. Sasa, mkono wa mvutaji unajua uzito wa mtu na uzito wa chuma, na kwa mvuto wa kwanza tu alijua. Maskini Ndahani! Angefanya nini? Kuiachia kamba asingeweza, sururu ingempasua kaka yake kichwa. Alivuta huku akilia. Alivuta upesi kuliko alivyowahi kuvuta maishani mwake, ili kamba ipate kushuka tena. Sururu ikatokea juu ikiwa safi, imeoshwa na maji. Fundo la kwanza likafunguka. Vidole vyake vilikuwa kwenye fundo la pili ukuta ulipoanguka.

Walifukua siku mbili, wakampata, wakamzika. Baada ya mazishi wazee wakamletea Yudita ile sururu kwa heshima, mikono miwili, wakisema ndiyo kumbukumbu iliyobaki. Yudita hakuipokea. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa namngoja mtu," akaingia ndani.

Najua mtakapotoka hapa kanisani mtaambiana kwamba mshika mawili moja humponyoka. Hapana. Mhogolo hakushika mawili. Kamba ilikuwa moja, na kamba ile ilikuwa na nguvu ya kumpandisha yeye, akaipa sururu. Wala sururu haikuwa dhambi. Ilimlisha yeye na watoto wake, na kila siku nyingine ilistahili kutangulia. Siku ile tu haikustahili, naye hakuweza kuitofautisha siku ile na nyingine, kwa kuwa alikuwa ameshazoea kuifunga kwanza.

Basi ninyi ambao kila mmoja ana chuma chake mvunguni, na Bwana ameshaishusha kamba yake hadi vifuani mwenu: mtafunga nini?