Redio Tatu na Daraja la Lumbizi

Sogeeni. Anayetaka hadithi ya kuchekesha aniache mapema, maana hii itamdai jibu, na jibu lenyewe mimi sina.

Walikuwepo askari watatu wa kikosi kimoja. Tuntufye alijaliwa macho: aliweza kulala kifudifudi topeni siku mbili akitazama mahali pamoja. Nyamizi alijaliwa kufupisha: barua ya kurasa tatu angekusimulia kwa maneno manne. Masumbuko alijaliwa ukaidi, basi. Wenzake walimtania kwamba hata usingizi humbembeleza kwanza.

Huko vitani hakukuwa na mnara wa simu. Kila askari alibeba redio yake, nayo ilipokea habari kutoka redio ya jirani na kuipitisha kwa inayofuata, kama watu wanaopokezana ndoo za maji nyumba inapoungua. Akikosekana mmoja katikati, maji hayafiki. Tena njia yenyewe ilikuwa nyembamba: ikipita habari nzito, kama picha au sauti, nyingine zote husubiri.

Asubuhi moja malori mawili yenye askari thelathini yalikuwa yakielekea daraja la Lumbizi. Tuntufye, akiwa mafichoni kilimani, akaona watu wakifukia mabomu chini ya daraja hilo. Akapiga picha, akaituma. Ilipomaliza tu kwenda, adui wakamgundua na risasi ikaipasua redio yake. Yeye akatambaa mtaroni, akapona.

Picha ilimfikia Nyamizi, aliyekuwa katikati ya mstari. Akajaribu kuipitisha, ikawa inajikokota, na malori hayakuwa yakijikokota. Akaiacha, akaandika: "Daraja lina mabomu. Simameni." Hata maneno hayo machache hayakupata pa kupita. Askari mmoja, Deusi, alikuwa amepigwa risasi ya paja, na sauti yake ya kumwita tabibu ilikuwa imeijaza njia pale kwa Nyamizi, haijafika mwisho wa mstari. Nyamizi akaikata sauti ile, akatuma onyo, akaizuia njia kwa kila mtu mpaka jibu lirudi.

Masumbuko alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Onyo lilimfikia, ila malori yalishapita nyuma ya mwamba na redio yake haikuyapata. Akatoka handakini, akapanda juu ya mwamba ule, akasimama wima mbele ya bunduki za adui. Akatuma mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ilipofika ya tano, dakika kumi na moja zilikuwa zimepita tangu njia izuiwe. Hiyo ilipokelewa, na lori la kwanza lilisimama hatua arobaini kabla ya daraja.

Thelathini walipona. Njia ilipofunguliwa, Deusi aliitwa na hakuitika. Damu ilikuwa imemwisha. Alikuwa mdogo wake Masumbuko, tumbo moja.

Kambini, Luteni Kibwana akawaita wote watatu.

"Makao makuu yametoa nafasi moja kwa kazi yenu ya darajani. Mmoja wenu anaondoka leo kwenda nyumbani, wala hatarudi huku tena. Wawili wanabaki. Kesho kutwa tunavuka mto, na mnajua nani yuko ng'ambo."

"Afande, bila macho yangu wote wangelala pale darajani," alisema Tuntufye. "Nina mtoto wa miezi mitano. Sijambeba hata siku moja."

"Mama yangu alituzaa wawili," alisema Masumbuko. "Sasa nimebaki mimi, afande."

Nyamizi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nawe, koplo?"

"Afande, Deusi nilimkata mimi. Nilimsikia anaita tabibu, nikamkata. Mkiniacha kwenye redio, siku nyingine nitasita, na watu watakufa kwa kusita kwangu."

Masumbuko akamgeukia.

"Angekuwa ndugu yako, ungemkata?"

"Sijui, kaka."

"Mimi najua. Ningeisikia sauti yake, nisingepanda ule mwamba. Hao thelathini wangekufa."

Luteni akaivuta fomu karibu.

Haya, Luteni ameshika kalamu, na fomu ina nafasi ya jina moja tu. Gari linaunguruma nje. Msiniambie wote watatu wanastahili, hilo hata Luteni analijua. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili wanaobaki, ungewatazamaje usoni?