Bibi Rayta na Maumivu Yaliyotulia Mbele za Watu

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Wasit aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Rayta binti Hilali, msokota nyuzi za sufu. Siku moja aliteleza ngazini akavunjika nyonga. Muunga mifupa, mzee Zuraqa, akamtibu miezi mitatu, kisha akasema, "Alhamdulillahi, mfupa umeshika." Lakini maumivu hayakutoka.

Wanawake wa mtaa wakawa wanakuja kumzuru kila Ijumaa. Wakiketi naye, maumivu hutulia kabisa. Rayta huzungumza, hata hucheka. Wakishavaa viatu wakatoka, nyonga humuuma mpaka akang'ata shuka. Nao njiani husifu: "Mmeiona subira ya yule bibi? Anaumwa na anacheka!"

Sifa hizo zilimfikia, zikamchoma. "Subira yangu ni ipi, na hali wakiwapo siumwi?" alijiuliza. "Au siumwi kamwe, ila najidanganya?" Akawafungia mlango majuma mawili ili aujue ukweli. Maumivu yakazidi, naye akazidi kutojua.

Ijumaa ya tatu akafungua. Akamwita na Zuraqa, akasema mbele ya wote: "Dada zangu, msinisifu. Mkiwapo siumwi, mkiondoka naumwa. Ikiwa mimi ni mnafiki, niambieni nitubu."

 Mmoja wao, Khawla, akijiona amedanganywa, akajitanda shela yake aondoke.

Zuraqa akauliza, "Mama, ukiwa peke yako, unalia ili nani akuone?"

"Hakuna anionaye ila Mola wangu."

"Basi maumivu yako ni ya kweli. Na nafuu yako nayo ni ya kweli."

"Inakuwaje basi, sheikh?"

Mzee akasema, "Wallahi, sijui. Mfupa naujua. Jinsi moyo unavyoushika mfupa, hilo limo katika elimu ya Mola."

Khawla akaketi tena. Kesho yake akaja na sufu yake, akasokota pale pale hadi adhuhuri. Wenzake nao wakapokezana siku. Rayta hakupona kabisa. Ila tangu hapo, akiulizwa hali, alijibu bila haya, "Leo yamo," au, "Leo hayamo, na sijui yamekwenda wapi."

Enyi ndugu, mgonjwa akicheka mbele yenu, msiseme hana kitu. Huenda kicheko hicho ndiyo dawa mliyomletea, nanyi mkiondoka mnaondoka nayo.