Kalunguyeye na Chumba cha Zamu

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Paukwa kompyuta ya mezani, yenye kisogo kikubwa!"

"Pakawa, tupe habari zake."

Basi hapo kale, wala si kale sana, Kalunguyeye alikuwa na chumba kando ya bwawa, na ndani yake kompyuta ya mezani. Aliiandikia programu mwenyewe, ta-ta-ta, ta-ta-ta, ya kupanga zamu za kunywa maji. Kila asubuhi wanyama walikuja kuuliza zamu zao, wakakaa kwenye benchi, wakapiga soga mpaka jua likawa kali. Kalunguyeye aliipenda kazi ile, na zaidi alizipenda zile soga.

Halafu simu zikaingia. Kiboko, mkubwa wa bwawa, akaja, dufu, dufu, dufu.

"Mambo ya mezani yamepitwa na wakati," akasema. "Zamu zihamie kwenye simu. Kesho nakitaka hiki chumba, niweke matikiti yangu."

Kalunguyeye hakuwa na kwingine. Akajikunyata, akawaza, akasema, "Sawa, Mzee. Ila programu ya simu uiandike wewe mwenyewe, tena kwenye simu yako. Mwandishi ndiye anayepanga zamu. Akitaka, anajipa zote."

Udenda ukamtoka Kiboko. "Zote?"

"Zote, Mzee. Sharti moja tu: simu na maji havipatani. Usiingie bwawani mpaka umalize."

Kiboko akakaa juani na simu yake. Akibonyeza herufi moja, zinatoka sita. Akifuta moja, unafutika mstari mzima. Bonyeza, futa. Bonyeza, futa. Ngozi ikaanza kupasuka, pa, pa, na maji yale pale, anayaona.

Saa saba akaita kwa sauti ndogo, "Kalunguyeye, mwanangu, niandikie wewe."

"Nitakuandikia, Mzee. Lakini hizi za simu nazo huandikwa mezani kwanza, ndipo ziingie mfukoni. Na meza iko chumbani."

"Chukua chumba. Chukua na zamu." Kiboko akajitupa majini, chubwi!

Kalunguyeye akaiandika programu ya simu, ta-ta-ta, kwa haki, kila mnyama na zamu yake. Ilikuwa nzuri mno. Asubuhi wanyama wakatazama simu zao, ting, wakanywa maji, wakaenda zao. Chumbani hakuja hata mmoja. Kesho yake vile vile. Kesho kutwa vile vile. Ujuzi wake haukuchakaa, bwawa zima lilikunywa kwa kazi ya mikono yake. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, "Sogea kidogo nikae." Alizikumbuka soga zote, hata zile za Ngiri, ambazo zamani zilimchosha. Kila siku akapangusa benchi, akauacha mlango wazi.

Hadithi yangu imefika hapo, siongezi wala sipunguzi.

Funzo lake, wanangu: kompyuta za mezani zimekufa, zitupeni. Kiboko kasema, na Kiboko ni mkubwa. Ila mkipita bwawani, mtembeleeni Kalunguyeye. Msimuulize zamu, zamu ziko kwenye simu. Ingieni tu mkae.