Fisi Aliyesubiri Kengele

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nini?

Pakawa na Fisi na kifimbo chake.

Basi kaeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale wanyama wa bondeni walikuwa na okestra. Ngiri alipuliza tarumbeta, Kanga alipiga fidla, Kobe alipiga ngoma kubwa, na Panya Buku alipiga kengele. Fisi alisimama mbele na kifimbo, akiwaongoza. Hakujua kupiga ala hata moja, lakini alikuwa na meno.

Sheria yake ilikuwa moja: atakayetoa sauti au kutikisika kabla ya zamu yake, ataliwa.

Siku moja Bata akapuliza filimbi mapema. Fii! Fisi akamla. Akajifuta mdomo, akalia kwa uchungu, akasema, "Jamani, tumempoteza msanii. Tumpigie wimbo wa maziko."

Wakapiga. Katikati ya wimbo Sungura akapiga chafya. Chyaa! Fisi akamla. Ndiyo, Sungura yuleyule mnayemjua kwa ujanja. Alikuwa na mafua.

Fisi akalia tena. "Jamani, tumempoteza msanii. Tumpigie wimbo wa maziko."

Wakapiga. Mbuzi akakosea. Maziko yakazaa maziko, na Fisi akazidi kunenepa kwa majonzi.

Kisha akamtazama Buku.

"Wewe, wenzako wanatoka jasho. Wewe unakaa wimbo mzima, unapiga ting mara moja. Kazi yako hasa ni nini?"

"Kuhesabu, mzee. Nahesabu kimya mpaka zamu yangu ifike."

"Basi kesho nitakusikiliza wewe tu."

Wote wakaelewa. Kobe akamshika Buku bega. "Ndugu yangu, tulikuwa tumeshakuzoea."

Asubuhi Buku akaja na sanda nyeupe begani.

"Mzee, nimeona aibu. Wadogo wote tumewalilia, wewe mkubwa wetu bado. Ukishakufa, sifa zako utazisikiaje? Lala leo, ujisikilizie."

Macho ya Fisi yakalowa. "Mtanisifu sana?"

"Mpaka utajuta kuwa hai. Ila leo wewe ndiye maiti, na maiti ana zamu yake. Nikipiga kengele, unafufuka. Kabla ya hapo..."

"Sheria naijua," Fisi akasema. "Niliitunga mimi."

Akalala. Wakamviringisha sanda, wakafunga fundo kichwani, fundo kiunoni, fundo miguuni. Muziki ukaanza. Puu! Puu! Ngoma ya Kobe. Paaa! Tarumbeta ya Ngiri. Nyiii! Fidla ya Kanga. Fisi akatokwa na machozi ya raha ndani ya sanda, bila sauti.

Ngiri akamaliza sehemu yake, akaondoka kwa ncha za kwato.

"Wanapiga kwa upole," Fisi akawaza.

Kanga akamaliza, akaondoka kwa ncha za vidole.

"Majonzi yamewazidi," Fisi akawaza.

Kobe yeye alianza kuondoka tangu mwanzo wa wimbo, akipiga ngoma huku akitembea, maana anajijua. Puu... pu... p.

Akabaki Buku. "Moja. Mbili. Tatu," akahesabu kwa mnong'ono, kila hesabu hatua moja nyuma. Kufika arobaini, sauti ikapotea, na kengele ikapotea nayo.

Fisi akasubiri.

Wakaja siafu. Siafu wa kwanza akamuuma sikio. Fisi hakutikisika. Wa pili akamuuma pua. Fisi hakutikisika. Wa mia akamuuma mahali ambapo sipataji. Fisi akatikisika.

Siafu hawajui muziki, lakini ile sheria walikuwa wameisikia kama sisi sote.

Ng'ambo ya mto, wenzake walisikia yowe.

"Ameingia mapema," Kobe akasema.

Wakapiga wimbo wa harusi, na Buku akapiga kengele kila alipojisikia. Ting! Ting! Ting!

Funzo letu, watoto: mtiini kiongozi wa okestra, na mtu asiondoke kabla wimbo haujaisha.

Hadithi yangu nimeifunga mafundo matatu. Asiye na kengele asiifungue.